Barua ya wazi kwa wakuu wa kituo chetu cha utafiti: watu waliotoa damu bado wanasubiri

KWA: Mkurugenzi wa Kituo, Watafiti Wakuu wa miradi yote, na Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Maadili

YAH: MATOKEO YA UTAFITI AMBAYO HAYAJARUDI KWA WALIOTOA DAMU

Waheshimiwa, shikamooni.

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Naandika kwa heshima zote, na naandika hadharani kwa sababu njia za ndani nimezimaliza. Nimetuma imeili tatu, nimeomba miadi mara mbili, na mara ya mwisho nikaja mwenyewe nikakaa kwenye benchi la mapokezi kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, ndo nikaambiwa mkurugenzi ana kikao na wageni wa mfadhili nirudi wiki ijayo, wiki ijayo nikarudi nikaambiwa kasafiri. Barua niliyoiacha siku ile iligongwa muhuri wa kupokelewa na nakala yake ninayo. Ni mwaka mmoja na miezi minne sasa, sijajibiwa hata mstari mmoja. Jina la kituo silitaji humu. Mnajijua na mimi mnanijua, sitaki ugomvi wa majina uje ufunike hoja yenyewe.

Kwa wasionijua: mimi ni mtu wa maabara kwa kusomea, nina stashahada. Kituoni nimefanya miaka tisa na mingi kati ya hiyo nilikuwa uwandani, yaani boda boda, buti za mvua, kasha la barafu mgongoni. Nilianza na mradi wa malaria kwa watoto, nikahamishiwa ule wa homa zisizo za malaria, nikaja wa presha na sukari kwa watu wazima, na mwisho ule wa wajawazito wenye upungufu wa damu. Vijijini wananiita Mama Damu. Jina hilo nalipenda kwa kweli, maana watu walilitoa kwa mapenzi, lakini saa hivi linaniuma.

Nieleze kwa nini linaniuma. Mwezi uliopita nilikuwa gulioni nachagua dagaa, nikasikia mtu ananiita kwa nyuma, "Mama Damu, Mama Damu!" Nikageuka, ni mama mmoja namfahamu wa kijiji cha kule bondeni, kamshika mkono binti wa darasa la nne, sare zake, nywele zimesukwa vizuri. Akaniambia huyu ndo yule mtoto uliyekuwa unamtoa damu mguuni akiwa mchanga, si unamkumbuka alivyokuwa analia. Nikamkumbuka. Alafu akauliza kwa sauti ya kawaida tu, bila hasira wala nini: "Hivi yale majibu yake yalitokaje?"

Waheshimiwa, huyo mtoto alikuwa na miezi mitano tulipoanza. Leo anasoma na kuandika. Mama yake alikuja kliniki ya mradi mara kumi na kitu, mara nyingine anatembea saa nzima, na kila alipokuja mimi ndo niliyemwambia kwa mdomo wangu, kwa sababu ndivyo fomu ya ridhaa ilivyoandikwa, kwamba utafiti ukiisha tutarudi kuwaeleza tulichokipata. Mimi nilimwambia. Hakuna mtafiti mkuu hata mmoja aliyekuwepo pale kwenye mkeka wakati naahidi. Nikabaki nimeshika mfuko wa dagaa sina la kumjibu.

Niseme mapema ili mtu asije akapindisha maneno yangu: mimi sipingi utafiti, na sitakaa niupinge. Waliolazwa na malaria kali zamani wanaikumbuka dripu ya kwinini, masikio yanavuma mpaka unadhani umekuwa kiziwi. Leo mtoto akiletwa na degedege la malaria anachomwa artesuneti, na hilo halikuja kwa kubahatisha. Ni watoto 5,425 wa nchi 9 za Afrika, wa Muheza wakiwemo, ambao wazazi wao katikati ya hofu ile ya mtoto mahututi walikubali aingizwe kwenye utafiti, wengine wakapewa kwinini na wengine artesuneti, na 2010 matokeo yakatoka kwamba kwenye kwinini walikufa karibu 11 kwa kila 100 na kwenye artesuneti 8 na nusu. Mwaka uliofuata, 2011, ukatoka ule mwingine wa maji ya dripu uliofanyika Kenya, Uganda na hapa Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 waliokuja na homa kali huku mzunguko wa damu umezorota. Vitabu vingi vya daktari vilikuwa vinasema wajaze maji haraka. Utafiti ukakuta waliojazwa maji haraka walikufa kati ya 10 na 11 kwa kila 100 ndani ya saa 48, na wasiojazwa walikufa 7. Ukasimamishwa kabla ya wakati. Watoto wa kwetu ndo walioionyesha dunia kwamba kitabu kilikuwa kinakosea. Na chanjo za malaria zinazozungumzwa leo, ile ya kwanza iliyopitishwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021 ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 wa nchi 7, Bagamoyo, Korogwe, Kilifi, Siaya na kwingineko.

Hata neno chikungunya, ile homa inayoenezwa na mbu, linalotajwa dunia nzima ni Kimakonde, la mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo, na kirusi chenyewe kilipatikana kwenye damu za wagonjwa wa mlipuko wa Newala, kusini mwa Tanzania, wa 1952 na 1953. Watu walitoa damu wakatoa na jina.

Kwa hiyo damu ya mtu wa kijijini ina thamani na nyie mnaijua kuliko mimi. Ndo maana ninachokilalamikia ni namna mnavyowaacha wenye damu mkishapata mnachokitaka. Nina malalamiko manne.

1. MATOKEO HAYARUDI KIJIJINI

Kati ya miradi minne niliyofanya, ni mmoja tu, ule wa presha na sukari, ambao mtu alipimwa akaambiwa palepale namba zake na akapewa karatasi ya rufaa. Nawapongeza waliouandaa. Lakini hata huo, matokeo ya jumla, yaani kijiji chetu kina watu wangapi wenye presha wasiojijua na wafanye nini, hayo hayajarudi. Miradi mingine mitatu hayajarudi majibu ya mtu mmoja mmoja wala ya jumla.

Mradi wa malaria uliisha, magari yakaondoka na vibandiko vyake, kliniki ya mradi ikageuzwa stoo. Nilikuja kuona matokeo yake kwenye simu yangu, kijana mmoja wa takwimu alinitumia, makala ya Kiingereza kurasa kumi na mbili, ukitaka kuisoma yote kwenye tovuti ya jarida unaambiwa ulipe dola. Kijiji kimetajwa mle kwa jina lake. Nikatafsiri mwenyewe usiku kwa penseli nikawapelekea akina mama saba ninaowajua, tukakaa chini ya mwembe nikawaeleza nilivyoweza. Mmoja akaniuliza, kumbe waliyajua haya muda wote? Waheshimiwa, ilinibidi niseme ndiyo.

Tamko la Helsinki, lile madaktari wa dunia walilolipitisha 1964 na kulipitia upya tena Oktoba 2024, linasema kila mshiriki apewe nafasi ya kujulishwa matokeo ya utafiti aliomo. Liko kwenye fremu ukutani kwenye korido yenu, nimelipita kila siku miaka tisa. Na Shirika la Afya Duniani lilitoa msimamo wake 2015 kwamba muhtasari wa matokeo ya majaribio ya tiba uwekwe wazi ndani ya miezi 12 baada ya kazi kuisha, na makala itoke ndani ya 24, yawe matokeo mazuri au mabaya. Hayo ni ya kuwekwa kwenye rejista na majarida ya wataalamu. Kama kwa wataalamu wenzenu kuna muda uliowekwa, kwa mama aliyeleta mtoto muda ni upi?

2. MAJIBU YANAYOHUSU UHAI WA MTU YANAKAA KWENYE KOMPYUTA

Hili ndo linalonikosesha usingizi na nitalieleza kwa kirefu.

Kwenye mradi wa homa zisizo za malaria tulikusanya damu, tukaigawanya kwenye vichupa, vikakaa kwenye friza. Mwaka na zaidi baadaye ikaja bajeti ya vipimo vya ziada ikiwemo homa ya ini B. Nilikuwa nimerudishwa maabara miezi hiyo. Nikavipima mimi, sahani kwa sahani, na kwenye fungu langu vichupa kumi na moja vikatoka chanya. Nikarudia kama utaratibu unavyosema, vikatoka chanya tena. Nikaandika kwenye daftari, nikaingiza kwenye kompyuta, nikaenda kumuuliza msimamizi wa mradi: hawa watu tunawaambia lini?

Akaniambia haimo kwenye protokali, yaani ule mpango wa utafiti ulioandikwa.

Nikauliza tena kwenye kikao cha Jumatatu, nikaambiwa sampuli ni za namba hazina majina, orodha ya kuunganisha namba na jina iko kwa mtu wa data na imefungwa, na kuifungua kunahitaji kibali. Nikasema basi tuombe kibali. Ikaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kwamba suala litafuatiliwa. Mkataba wangu ukaisha miezi mitano baadaye suala linafuatiliwa.

Waheshimiwa, nyie ni madaktari. Mnajua homa ya ini B inaweza kukaa mwilini miaka na mtu anajiona mzima, analima, anazaa, alafu siku moja tumbo linajaa maji na ini limeshaharibika au lina saratani. Mnajua kuna dawa za kuituliza, tenofovir ile ile iliyomo kwenye dawa za VVU. Mnajua mke na watoto wa huyo mtu wangeweza kupimwa na kuchanjwa. Na mama mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua na hilo linazuilika. Kila kitu kinachohitajika kumsaidia kipo, kasoro mtu wa kumwambia.

Mimi najua kuna watu kumi na moja. Siwajui ni nani. Nilipima namba. Nikipita barabarani nakutana na fundi baiskeli, na kijana wa kuuza miwa, na mwalimu, wote walikuwa kwenye ule mradi na mikono yao yote niliifunga mpira mimi mwenyewe nikawatoa damu, na kila mmoja namsalimia huku najiuliza ni huyu au siye. Nimebeba hilo mwaka wa tatu huu.

3. DAMU ILIYOBAKI HATUJUI ILIKO NA INAFANYA NINI

Kwenye fomu ya ridhaa kuna kile kiboksi cha chini kabisa, kwamba unakubali damu itakayobaki itunzwe kwa tafiti zijazo. Sisi ndo tuliokuwa tunakielezea. Mtu kachoka, mtoto analia, imebaki sahihi moja, anaweka dole gumba. Wengi walikubali kwa kutuamini. Toka siku ile hakuna aliyewahi kuambiwa damu yake bado ipo au imeisha, ilipelekwa nchi gani, ilipimwa nini. Najua vibali vya kusafirisha sampuli vinaombwa na mikataba inasainiwa, makaratasi ya kufunga boksi la barafu kavu nimeyajaza sana tu. Ninachosema ni kwamba mwenye damu hamo kwenye huo mnyororo hata mahali pamoja.

Na kuna lile la friza. Ilikuwa wikiendi ya Pasaka. Umeme ulikatika Ijumaa usiku, jenereta ikawaka, dizeli ikaisha Jumamosi, na ule mtambo wa kutuma tahadhari kwenye simu ulikuwa bado una namba ya mtu aliyeshaacha kazi. Jumanne asubuhi ndo niliyefungua mlango mimi. Friza la nyuzi 80 chini ya sifuri ukilifungua huwa linakutolea moshi mweupe usoni na boksi zimeng'ang'ania kwenye barafu mpaka uzigonge. Siku hiyo hakuna moshi. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka rafu ya juu kwenda ya chini, karatasi za lebo zimebanduka zinaelea kwenye trei, boksi zimelainika ukishika kona inabaki mkononi. Boksi moja lina vichupa 81, tisa kwa tisa. Nilihesabu boksi kumi na nne zilizoharibika kabisa, 1,134. Ikaamuliwa haviaminiki tena, nikavifunga kwenye mifuko myekundu nikavisindikiza mpaka kwenye tanuri la kuchomea taka za hospitali.

Kwenye ripoti iliandikwa ni hitilafu ya vifaa. Umeme kukatika si kosa la mtu, najua nchi tunayoishi. Lakini kila kichupa kati ya vile kilitoka kwenye mshipa wa mtu, vingi ni vya watoto ambao ilibidi wakamatwe na watu wawili, na mpaka leo hakuna mshiriki hata mmoja aliyeambiwa kwamba damu yake ilioza.

Msije mkadhani suala la damu iliyotunzwa ni dogo. Kule Marekani kuna watu wa kabila la Havasupai, wanaishi ndani kabisa ya korongo huko Arizona. Kuanzia 1990 walitoa damu kwa chuo kikuu wakijua ni kwa ajili ya kisukari kilichokuwa kinawamaliza. Baadaye wakagundua damu ile imetumika kwenye mambo mengine, magonjwa ya akili na asili ya kabila lao, ambayo hawakuambiwa. Wakaenda mahakamani, na 2010 chuo kikakubali kuwalipa dola 700,000 na kuwarudishia damu yao. Walienda wenyewe kuichukua kwenye friza.

4. NAULI NA SIKU YA MTU

Hili fupi. Nauli ya mshiriki haijabadilika toka mradi wa kwanza niliofanya mpaka wa mwisho, wakati boda boda imepanda mara mbili. Mama anaacha shamba siku nzima. Rekebisheni.

SASA NAJUA MTASEMA NINI, maana majibu hayo nimeyasikia vikaoni miaka yote.

Mtasema watu wa kijijini hawataelewa matokeo ya kisayansi. Nawaomba mlifikirie hilo neno kabla ya kulisema tena. Mimi nilimweleza bibi mmoja asiyejua kusoma kwamba mjukuu wake atapangiwa kundi kwa kura, na kwamba sisi wala yeye hatutajua kapata chanjo ipi mpaka mwisho ili mtu asipendelee. Nikamwambia anirudishie kwa maneno yake kama utaratibu unavyotaka. Akasema: "Yaani ni kama kuchinja ng'ombe, mkata mafungu asijue fungu lipi litaenda kwa nani." Mnaona? Bibi kaelewa jambo ambalo wanafunzi linawasumbua darasani. Kama aliweza kuelewa mpaka mkaikubali ridhaa yake, basi ataelewa na matokeo. Na kama kweli mnaamini hana uwezo wa kuelewa, basi ridhaa mliyoichukua kwake ilikuwa batili na mradi wote una tatizo kubwa kuliko hili ninaloandika. Chagueni moja.

Mtasema bajeti hamna. Kwenye bajeti ya mradi wa mwisho nilioufanyia kazi kulikuwa na fungu la mkutano wa nje ya nchi kwa watu watatu kwenda kuwasilisha matokeo. Viti vya plastiki mia, spika moja, soda na mafuta ya gari kwa vijiji vitano haifiki tiketi moja ya ndege.

Mtasema tulimwambia mwenyekiti wa kijiji na bodi ya ushauri ya jamii. Ndiyo, mliwaita makao makuu mkawapa chakula cha mchana na slaidi za Kiingereza. Mwenyekiti mmoja alirudi na fulana. Siwalaumu wenyeviti, hata mimi zile slaidi zilinipita.

Mtasema mradi umefungwa, mfadhili kaondoka. Hili nalielewa zaidi kuliko mengine, maana tumeona Januari 2025 fedha za Marekani zilivyositishwa ghafla na tafiti sehemu mbalimbali zikakatishwa washiriki wakiwa katikati ya dawa. Lakini ndo sababu ya kuitenga hela ya kurudisha matokeo mwanzoni kabisa, isisubiri mabaki ya mwisho. Na miradi ninayoisema mimi haikukatishwa, iliisha vizuri na sherehe ya kufunga mlifanya.

Mtasema matokeo hayakuwa mazuri, tuseme nini kwa watu. Waambieni hivyo hivyo. Mwishoni mwa 2023 wale wa utafiti wa chanjo ya VVU wa Uganda, Tanzania na Afrika Kusini, PrEPVacc, walitangaza wazi kwamba wanasimamisha kuchanja kwa kuwa hakuna dalili ya chanjo kufanya kazi. Walisimama wakasema haijafaulu. Mtu mzima akiambiwa ukweli anakuheshimu.

Na kuna jambo ambalo hata kama hamuwaonei huruma washiriki linapaswa kuwashtua kama wanasayansi. Ule utafiti wa VOICE, wanawake 5,029 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, wa dawa na jeli za kuzuia VVU. Mle karibu wote walisema wanatumia, na makopo walirudisha yanaonyesha wanatumia. Damu ilipopimwa dawa ilikutwa kwa takriban theluthi tu au pungufu. Walipoulizwa baadaye wengi wakasema waliogopa, mitaani kulikuwa na maneno, hawakuwa na uhakika dawa zile ni za nini. Hela yote ile, miaka yote ile, na swali lililoulizwa halikupata jibu kwa sababu watu hawakuwaamini watafiti kiasi cha kuwaambia ukweli.

Huku pwani kwetu nyie mnajua neno linaloanza mtu akichukua damu asirudi. Mumiani, yaani mnyonya damu za watu. Nimeanza kulisikia tena. Kwenye kijiji kile cha bondeni msimu uliopita vijana wenu wapya wa uwandani walifungiwa milango nyumba nne mfululizo, mkaripoti kwamba ni imani potofu na mnahitaji elimu kwa jamii. Mimi nawajua wenye hizo nyumba nne. Mbili kati yake watoto wao walikuwa kwenye mradi wa malaria. Wale watu wanajua vizuri utafiti ni nini. Wamefunga mlango kwa sababu walishaufungua mara ya kwanza.

NINACHOOMBA

1. Wale kumi na moja. Hili lisisubiri lingine lolote. Kamati ya Maadili itoe kibali cha kufungua ile orodha, watafutwe na nesi mwenye mafunzo ya ushauri nasaha, wapimwe upya, waunganishwe na kliniki. Kama mafungu mengine yana zaidi ya hao, nao pia.

2. Ndani ya miezi mitatu mikutano ya kurudisha matokeo ya miradi yote minne ifanyike kwenye kila kijiji kilichotoa washiriki. Kiswahili, chini ya mwembe, watafiti wakuu wawepo wenyewe na waulizwe maswali. Na kila kaya ipate karatasi ya ukurasa mmoja.

3. Kamati ya Maadili isipitishe tena protokali ambayo haina vitu viwili: mpango wenye bajeti na tarehe wa kurudisha matokeo, na utaratibu wa nini kifanyike maabara ikikuta ugonjwa unaotibika.

4. Daftari la friza liwekwe wazi kwa washiriki. Mtu akija na kadi yake ya mradi aambiwe damu yake ipo au haipo, ilienda wapi. Walioharibikiwa Pasaka ile waambiwe.

5. Nauli ipitiwe upya kila mwaka.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30. Msiponijibu mimi si tatizo, jibuni kwenye ubao wa matangazo wa ofisi za vijiji, mimi nitasoma hapo na wenzangu. Siombi kurudishwa kazini na sina kesi na mtu. Nikiitwa kusaidia kutafsiri ile karatasi ya ukurasa mmoja nitakuja kwa nauli yangu, na nikiitwa kwenda na nesi nyumba kwa nyumba kwa wale kumi na moja nitakuja siku hiyo hiyo.

Yule mama wa gulioni nilimwambia mwishowe kwamba sijui majibu ya mtoto wake ila nitayaulizia, na nikamuahidi nitampa jibu kabla shule hazijafungwa. Zinafungwa wiki ya kwanza ya Disemba.

Wenu katika kazi,

Mama Damu
(aliyekuwa mfanyakazi wa maabara na uwandani, miaka tisa)

Nakala:
Mganga Mkuu wa Wilaya
Watendaji wa kata na wenyeviti wa vijiji vitano
Wajumbe wa bodi ya ushauri ya jamii
Washiriki wote wa miradi minne, na wazazi wao